Taa ya oili iliwaka, gari likawekewa oili nzito: uchambuzi wa kisa kimoja

Tuchukue gari dogo la petroli: injini ya lita 1.5, silinda nne, cheni ya taimingi (inayopatanisha mwendo wa valvu na pistoni) badala ya mkanda, na mfumo unaobadili taimingi ya valvu za kuingiza hewa kwa nguvu ya presha ya oili. Limetembea kilomita 186,000. Kitabu chake kinataka oili ya 5W-30 ya daraja la SL au la juu yake kwa mpangilio wa API, taasisi ya petroli ya Marekani, na lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta.

Shida ilianza kwenye kona. Gari likikata kona kwa kasi au likifunga breki ghafla, taa nyekundu yenye umbo la birika iliwaka kwa nusu sekunde, kisha ikazima. Gereji walivuta dipstiki, kijiti cha kupimia oili, ikatoka kavu. Hukumu ikatolewa pale pale: injini imechoka, 5W-30 ni maji kwake, inaila yote, dawa ni kuiongezea uzito. Oili ya zamani ikamwagwa bila kupimwa, ikawekwa 20W-50 ya kawaida isiyo sintetiki, daraja la API SF, hadi alama ya juu. Filta mpya. Taa haikuwaka tena, na kwa siku kadhaa ilionekana kana kwamba tatizo limekwisha.

Baada ya kilomita 2,300 gari likarudi na malalamiko matatu. Kila asubuhi injini ikiwashwa inatoa mlio wa kukwaruza upande wa cheni, sekunde mbili hadi tatu, kisha unanyamaza. Gari limekuwa zito kuondoka, hasa kwenye mlima mizunguko ya injini ikiwa 2,000 hivi kwa dakika. Na taa ya injini imewaka. Mashine ya kusomea makosa inaonyesha P0012, maana yake kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ya valvu za kuingiza hewa imechelewa kuliko kompyuta ilivyoagiza.

Oili nzito ilitibu ugonjwa ambao haukuwepo, ikazidisha ule uliokuwepo. Ili kuliona hilo lazima turudi kwenye dipstiki kavu.

Kiasi kwanza, uzito baadaye

Taa ya birika kwenye gari kama hili haipimi wingi wa oili. Inapima presha, na swichi yake hushtuka presha ikiwa imeshuka sana, sehemu ndogo tu ya bar moja. Taa inayopepesa kwenye kona na breki peke yake, na kutulia gari likienda sawa, ina maelezo yake: oili ndani ya sampu, bakuli la chini ya injini, inakimbilia upande mmoja, mdomo wa pampu unabaki wazi, pampu inavuta hewa. Oili ingekuwa nyepesi mno au beringi zimelika, taa ingepepesa wakati injini imechemka na inanguruma taratibu bila kukanyagwa, gari likiwa limesimama wima kwenye foleni. Tofauti hiyo peke yake ilitosha kusimamisha hukumu ya gereji.

Kipimo cha pili ni hesabu. Oili ya 20W-50 ilipomwagwa baada ya kilomita 2,300, safari hii ilimwagwa kwenye chombo chenye alama za lita. Ilitoka lita 3.3. Zilikuwa zimeingia 3.7, kwa hiyo zilipotea 0.4, sawa na lita 0.17 kwa kila kilomita 1,000. Sasa rudi nyuma: servisi iliyotangulia ile ya dipstiki kavu ilikuwa na umri wa kilomita 9,000. Kwa upotevu wa kiwango hicho hicho, zilipotea lita 1.5 na kubaki 2.2. Injini inayotaka lita 3.7 ilikuwa inakata kona na lita mbili na kidogo.

Angalia pia kile ambacho hesabu inakisema pembeni. Kama uzito ndio uliokuwa tatizo, 20W-50 ingetarajiwa kuuzuia upotevu. Hata nayo, oili iliendelea kupotea. Oili ilikuwa inatoka kwa njia ambayo haijali sana uzito wake, na njia hiyo ilikuwa haijatafutwa.

Tena lita 0.17 kwa kilomita 1,000 si kiasi cha kutisha kwa injini ya umri huu. Vitabu vya watengenezaji wengi huvumilia zaidi ya hapo. Kilichokaribia kuiua injini ni kilomita 9,000 bila dipstiki kuvutwa hata mara moja.

Namba za kwenye galoni zinasema nini hasa

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na inastahili kwenda polepole. Kwenye 5W-30, namba ya kwanza pamoja na W inahusu oili ikiwa ya baridi: W ni alama ya majira ya baridi, na kiwango cha SAE J300 hupima 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri na 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Namba ya pili inahusu oili ikiwa moto, nyuzi 100. Oili ya 30 inapaswa kuwa na mnato kati ya senti-stoki 9.3 na 12.5, ya 40 kati ya 12.5 na 16.3, ya 50 kati ya 16.3 na 21.9. Kwa hiyo kutoka 30 kwenda 50 umeruka daraja zima la katikati.

Hoja inayosikika mara nyingi ni kwamba anayeishi mahali pa joto hana haja na namba ya kwanza. Si kweli. Kwa injini, hata asubuhi ya nyuzi 25 ni baridi, kwa sababu imetengenezwa kufanya kazi oili ikiwa karibu na nyuzi 100. Kwenye nyuzi 40, 5W-30 ya kawaida huwa na senti-stoki 60 hivi na 20W-50 huwa na 150 au zaidi. Kwenye nyuzi 25 zote mbili ni nzito zaidi, na pengo baina yao linapanuka. Sekunde za kwanza baada ya kuwasha ndizo ambazo kikaza-cheni na gia ya taimingi vinasubiri oili ifike, na 20W-50 inachukua muda mrefu zaidi kufika. Mlio wa asubuhi ulikuwa sauti ya kusubiri huko.

Lipo kosa lingine linalofanana na hilo: kuamini kwamba presha kubwa ni dalili njema kila wakati. Presha hupanda oili inapokataa kupita. Oili ikiwa nzito sana, pampu inafikia kikomo chake, valvu ya kupunguza presha inafunguka, na sehemu ya oili inarudishwa bila kupita kwenye beringi kabisa. Geji inasoma vizuri, taa imezima, na kinachofika kwenye krankshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ni kidogo kuliko unavyodhani.

Herufi za daraja nazo zina uzito wake. API huzipanga kwa mfuatano: SJ, SL, SM, SN, kisha SP iliyoanza 2020, na SQ ya 2025. Kwa injini za petroli, daraja jipya huchukua nafasi ya yaliyotangulia, kwa hiyo kitabu kikisema SL, SP inafaa. Kinyume chake hakifai. SF ni ya injini za hadi 1988 na API yenyewe inaihesabu kuwa imepitwa na wakati. Nguvu yake ya kusafisha na kuzuia tope si ya injini yenye vijia vyembamba vya oili. Kwa maoni yetu, SF ndiyo iliyokuwa dhambi kubwa zaidi katika servisi ile, kubwa kuliko hata 20W-50, kwa sababu uzito utaubadilisha kesho lakini tope linabaki.

Kilichoonekana ndani

Kabla ya kuchagua oili mpya, ilibidi kila lalamiko lipate chanzo chake.

Mlio wa asubuhi unaweza kuletwa na filta. Filta nzuri ina mpira ndani unaozuia oili isirudi kwenye sampu injini ikizimwa. Mpira ukifa, filta hukauka usiku na asubuhi pampu inaanza kwa kuijaza. Kipimo ni rahisi: liache gari usiku kucha, asubuhi fungua filta bila kuwasha injini. Hapa ilitoka imejaa oili, kwa hiyo filta haikuwa na hatia. Kisha ikakatwa kwa kikata-filta, karatasi ikanyooshwa juu ya gazeti na sumaku ikapitishwa juu yake. Sumaku haikuokota kitu, wala jicho halikuona mng'ao wa metali. Kungekuwa na chembe zinazong'aa, mazungumzo yangekuwa ya beringi na si ya oili. Kilichokuwepo ni ute mweusi, mzito kama mafuta ya nazi yaliyoganda, umejaza mikunjo ya karatasi.

P0012 ilifuatwa kwa data hai. Gari likiendeshwa kwa mizunguko 2,200, kompyuta iliagiza kamshafti isogee mbele nyuzi 25, ilisogea 11. Valvu ya kuongoza oili ilitolewa kichwani mwa injini. Upinzani wa koili yake ulikuwa ndani ya kiwango cha kitabu, na ikipewa volti 12 kwa muda mfupi ilicheza kwa mlio safi. Valvu ilikuwa nzima. Lakini njia ya oili kuelekea kwake ina kichujio kidogo cha waya, hakizidi ncha ya kidole kidogo, na zaidi ya nusu ya matundu yake yalikuwa yamefunikwa na ute ule ule. Kilianza kuziba zamani, katika zile kilomita 9,000 za oili iliyochoka. Oili nyembamba bado ilikuwa inapenya. Nzito ilipokuja haikupenya ya kutosha, kamshafti ikabaki nyuma, na injini ikapoteza nguvu kwenye mizunguko ya kati.

Upotevu wenyewe ulitafutwa kwa mpangilio wa kutoka rahisi kwenda gumu. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi au baada ya kunguruma muda mrefu kisha ukakanyaga huelekeza kwenye sili za valvu; unaotoka ukiwa unavuta mlima huelekeza kwenye ringi za pistoni. Haukuwepo wowote. Kava ya valvu ilikuwa na unyevu pembeni mwa gasketi, lakini ni unyevu wa kushika vumbi, si wa kudondoka. Kisha ikatolewa valvu ya PCV, ile inayorudisha hewa chafu ya ndani ya injini kwenye njia ya hewa safi. Ikiwa nzima, ukiitikisa inalia kama njugu ndani ya kopo. Hii ilikaa kimya, imeng'ang'ania wazi, na mpira unaotoka kwake ulikuwa umelowa oili kwa ndani. Injini ilikuwa inavuta mvuke wa oili na kuuchoma, kidogo kidogo, kiasi ambacho hakionekani kwenye moshi. Njia hiyo haikuijali 20W-50.

Kuchagua

Oili zilizokuwa mezani ni tano. 20W-50 imeshajieleza. 0W-20 ni nzuri, na baadhi ya injini za ukubwa huu zimetengenezwa kwa ajili yake, lakini kitabu cha gari hili hakiitaji, na hakuna sababu ya kushuka chini ya kiwango kwenye injini yenye kilomita 186,000. 10W-40 ndiyo ambayo mafundi wengi wangeafikiana nayo kama suluhu ya kati. Tatizo lake ni kwamba suluhu ya kati inahitaji kuwepo na ugomvi, na hapa vipimo havikuonyesha sababu ya kuongeza uzito. 5W-40 iliwekwa pembeni kama akiba, kwa sharti moja: itumike tu ikiwa presha kwenye 5W-30 itasoma chini ya kiwango cha kitabu.

Ikachaguliwa 5W-30 ya sintetiki, daraja la API SP. SP inajaribiwa pia kwa ulikaji wa cheni ya taimingi, jambo ambalo madaraja ya kabla yake hayakulipima, na kwa injini hii cheni ilikuwa tayari inalalamika. Sintetiki ikachaguliwa kwa sababu huvumilia joto vizuri zaidi na huacha mabaki machache. Hofu kwamba sintetiki itatoboa gasketi kwenye gari kuukuu haina msingi kwa oili ya daraja la leo. Kinachotokea mara nyingine ni kwamba tope lililokuwa limeziba ufa linasafishwa, na uvujaji uliokuwepo unajitokeza.

Dawa kali za kusafishia injini, zile za kumimina kabla ya kumwaga oili na kuacha dakika kumi, zilikataliwa. Tope likibanduka kwa mabonge linakwenda kuziba chujio la mdomo wa pampu, na hapo hakuna sekunde za kusubiri. Ni salama zaidi kuiachia oili nzuri ioshe taratibu na kuimwaga mapema.

Kazi yenyewe

Kichujio cha waya kilioshwa kwa petroli na hewa ya kompresa, kikarudishwa na washa (pete ya kuziba) mpya. PCV mpya ikafungwa, mpira wake ukaoshwa. Injini ikapashwa dakika tano ili oili iwe nyepesi bila kuunguza mikono, gari likawekwa sehemu tambarare, nati ya sampu ikafunguliwa na oili ikaachwa idondoke dakika kumi na tano. Washa ya nati ilibadilishwa. Ile ya zamani imeshabonyea na haizibi mara ya pili. Nati ilikazwa kwa spana ya kipimo, nyutoni-mita (Nm) 38 kwa gari hili. Kukaza kwa hisia ya mkono ndiko kunakoharibu nyuzi za sampu ya aluminiamu, na sampu ni ghali kuliko spana.

Kabla ya kufunga filta mpya, kagua kama mpira wa filta ya zamani haujabaki umeganda kwenye injini. Mipira miwili ikikaa pamoja, itashika kwa dakika chache kisha itarusha oili yote chini. Mpira mpya hupakwa oili safi, filta huzungushwa kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha robo tatu ya mzunguko zaidi. Bila mnyororo, bila bisibisi.

Zikamiminwa lita 3.3 kwanza. Injini ikawashwa, taa ya birika ikazima ndani ya sekunde tatu, ikanguruma dakika moja, ikazimwa, ikasubiriwa dakika tano. Dipstiki ikafutwa, ikarudishwa mpaka mwisho, ikatolewa na kusomwa pande zote mbili, kwa sababu upande mmoja hukwaruza ukuta wa mrija na kudanganya. Ikaongezwa kidogo kidogo hadi karibu na alama ya juu. Jumla ilifika 3.7. Kupitisha alama si baraka: krankshafti ikiifikia oili inaichapa kuwa povu, na povu halibebi beringi.

Swichi ya presha ilitolewa, geji ya mkono ikafungwa mahali pake, injini ikachemshwa mpaka feni ikawaka na kuzima mara mbili. Ikinguruma taratibu: bar 0.9. Kwenye mizunguko 3,000: bar 3.1. Zote juu ya kiwango cha chini cha kitabu, na zinapita hata kanuni ya mafundi ya bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000. Hapo 5W-40 ikarudi rafuni. Kama geji ingesoma bar 0.2 injini ikiwa moto na inanguruma, 5W-40 ingewekwa, lakini ingeandikwa pia kwamba beringi au pampu vimelika na oili ni ya kununua muda tu.

Baada ya hapo

Mlio wa asubuhi ulipungua siku ya kwanza na kwisha ndani ya wiki. Haukwisha papo hapo kwa sababu oili ya zamani hubaki kwenye vijia na kikaza-cheni, na inachanganyika na mpya pole pole. Kosa la P0012 lilifutwa na halikurudi. Kwenye mizunguko ile ile 2,200, kompyuta ikiagiza nyuzi 25, kamshafti ilifika 24.

Oili ilikuwa nyeusi baada ya kilomita 400 tu. Mwenye gari anaweza kuogopa hapo na kudhani amenunua bandia. Kinyume chake, weusi huo ni tope linalobebwa kutoka kwenye kuta za injini, na ndiyo kazi iliyolipiwa. Iliachwa hadi kilomita 1,500, ikamwagwa pamoja na filta. Filta ilipokatwa, mikunjo ya karatasi ilionekana mmoja mmoja, myeusi lakini bila ute. Ikawekwa 5W-30 ile ile, na muda wa kubadilisha ukapangwa kuwa kilomita 5,000 mpaka filta ikatoke safi mara mbili mfululizo, ndipo urudi kwenye muda wa kitabu.

Upotevu ulipimwa tena kwa dipstiki. Umbali kati ya alama ya chini na ya juu kwenye gari hili ni lita moja. Kilomita 2,000 baada ya badiliko la pili, oili ilikuwa imeshuka sehemu moja ya kumi ya umbali huo: lita 0.1, yaani 0.05 kwa kilomita 1,000, chini ya theluthi ya ilivyokuwa. Gasketi ya kava ya valvu bado ina unyevu wake na imepangiwa kubadilishwa siku plagi zitakapotolewa. Hadi hapo dipstiki inavutwa kila kilomita 1,000, asubuhi kabla ya kuwasha, na kinachosomwa kinaandikwa pamoja na kilomita zake kwenye kikaratasi kilichobandikwa ndani ya boneti.